Fomu Inayofuatana na Chupa ya Vimelea

Kila tunapopeleka vimelea vilivyoota kutoka huku Pemba kwenda maabara ya rufaa ili vitambuliwe, kitu ninachokikagua kwa muda mrefu kuliko vyote ni fomu inayofuatana na chupa. Bakteria wa kifua kikuu hugawanyika mara moja kwa takriban saa 20, kwa hiyo makohozi yaliyopandwa kwenye midia ya Löwenstein-Jensen, yaani chakula cha kuoteshea vimelea, kile cha kijani kinachotengenezwa kwa mayai, husubiriwa wiki 3 hadi 8. Baada ya subira yote hiyo, inauma sana kuona chupa inafika ng'ambo na karatasi iliyoandikwa jina la mgonjwa na neno "makohozi" tu.

Bakteria wa kifua kikuu wakiota huwa wakavu, wenye rangi ya maziwa, wenye kukwaruza mfano wa chenga za mkate. Sura hiyo hutupa dhana, haitupi jina. Hata rangi ya Ziehl-Neelsen, inayowapaka bakteria hawa wekundu, haimalizi shauri, kwa sababu jamaa zao wanaoishi katika maji na udongo nao huonekana wekundu chini ya hadubini. Kipimo cha MPT64, protini inayotolewa na bakteria wa kundi la kifua kikuu, hutoa jibu kwa dakika 15 hivi, lakini kikionyesha kuwa huyu si wa kundi la kifua kikuu, ndipo kazi ya rufaa inapoanza hasa. Jina lenyewe huamua dawa: Mycobacterium kansasii, mmoja wa jamaa hao, haisikii pyrazinamide, dawa ya kifua kikuu, na Mycobacterium avium huhitaji mpango mwingine kabisa wa matibabu.

Ndiyo maana nasisitiza fomu ieleze tarehe ya kupanda na tarehe vimelea vilipoonekana mara ya kwanza, kwa kuwa vinavyoota ndani ya siku 7 ni wa kundi jengine. Ielezwe pia kama chupa ilikaa gizani au kwenye mwanga, maana kansasii hugeuka manjano ikipigwa na mwanga. Na sampuli ilitoka wapi? Chukua mvuvi mwenye kidonda cha mkononi kisichopona: huenda ni Mycobacterium marinum, ambaye hustawi kwenye nyuzi joto 30 hivi na huota kwa shida kwenye 37. Fomu ikiandikwa "usaha" bila kutaja mkono wala bahari, mpokeaji atapandikiza upya kwenye joto la kawaida la 37 na kuambulia patupu.

Chupa yenyewe iwe na vimelea safi vya aina moja, visivyochanganyika na ukungu, na kifuniko cha kuzungusha kilichokazwa barabara. Vimelea vya kifua kikuu vilivyooteshwa husafirishwa kwa namba UN 2814, ya Umoja wa Mataifa kwa mizigo ya hatari, daraja la hatari kubwa kuliko makohozi yenyewe, ambayo ni UN 3373. Kwa hiyo vifungwe tabaka tatu, chombo cha pili kikiwa hakivuji na chenye kitu cha kufyonza, na visibebwe kamwe mkobani mwa abiria, hata awe mtumishi mwenzetu anayekwenda Unguja kwa shughuli zake.

Kusi likivuma boti huchelewa, na kifurushi kikiachwa juani bandarini Mkoani vimelea huweza kufa. Basi wapigieni simu wapokeaji kabla mzigo haujaondoka, na usipelekwe Ijumaa.