Tunda la okidi huiva baada ya muda gani?

Wengi wanaotunza okidi hapa Tanga huchavusha ua, wakaona kikonyo kimenenepa, wakahesabu mbegu tayari. Mapema mno. Kwa okidi, chavua kutua na mbegu kutungwa ni mambo mawili tofauti, na katikati yake hupita wiki nyingi. Siku ya kuchavusha, vijiyai ndani ya ovari bado havijakomaa. Chavua ndiyo inayoviamsha. Kwa Phalaenopsis, mojawapo ya jenasi za okidi, utungisho huja kama miezi 2 baadaye au zaidi. Ndiyo maana tunda hunenepa vizuri, kisha mwezi wa 2 au wa 3 likageuka njano, likasinyaa na kudondoka. Wengi hukimbilia mbolea, lakini mara nyingi utungisho ndio ulioshindikana: ua limepewa chavua yake lenyewe, au wazazi ni machotara wasiopatana.

Kuchavusha kwenyewe hakuchukui dakika. Chagua ua lililofunguka siku chache tu. Ingiza ncha ya kijiti cha meno chini ya kikofia kilicho mwisho wa nguzo ya ua (kile kijiti kinene cha katikati), uinue taratibu. Vidonge vya chavua, vya njano na vigumu kidogo, hunasa kwenye kijiti. Bandua kikofia, kisha bonyeza vidonge ndani ya kishimo chenye ute kilicho upande wa chini wa nguzo. Ndani ya siku 1 hadi 3 ua hulegea, nguzo huvimba na kufunga kishimo. Kikonyo kilicho nyuma ya ua ndiyo ovari yenyewe; kilikuwa chembamba kama njiti ya kiberiti, sasa kinaanza kuwa kijani kibichi na kujaa.

Acha tunda 1, yakizidi 2, kwa mmea wenye afya. Funga kilebo chenye tarehe, na uandike kwa penseli. Wino haustahimili jua la pwani.

Sasa muda. Phalaenopsis huchukua miezi 6 hadi 8 mpaka tunda lipasuke. Dendrobium za maeneo ya joto mara nyingi miezi 4 hadi 6. Cattleya miezi 9 hadi 12. Vanda huweza kupita mwaka. Vanila, ambayo nayo ni okidi, miezi 8 hadi 9. Joto huharakisha, baridi huchelewesha, kwa hiyo tarehe inakupa makadirio tu. Anayeamua ni tunda. Likikaribia, ncha hupauka na kuwa njano, na mistari ya kupasukia huonekana wazi.

Kwetu adui mkubwa wa wiki za mwisho ni masika. Ukichavusha Phalaenopsis Septemba au Oktoba, tunda litakomaa Machi hadi Juni, na likipasuka likilowa, mbegu huota ukungu. Afadhali uchavushe Desemba au Januari, lipasuke baada ya mvua kubwa kupita. Ncha ikianza njano, livishe mfuko wa karatasi au kipande cha soksi nyepesi. Usitumie plastiki, hutoa jasho.

Mwenye maabara ya kuoteshea mbegu, hata ndogo ya nyumbani, hana haja ya kungoja lipasuke. Tunda bichi lililotimiza kama theluthi mbili au robo tatu ya muda wake lina mbegu safi ndani. Unalisafisha nje kwa sabuni na spiriti, kisha unalipasua mahali pasipo vijidudu. Kwa kazi hiyo mimi napendelea tunda bichi kuliko lililopasuka, kwa sababu mbegu kavu lazima zioshwe kwa dawa ya klorini, na dawa hiyo ikizidi huua kiini.

Mbegu kavu zitie kwenye bahasha ya karatasi, bahasha kwenye chupa yenye silika (chembe za kufyonza unyevu), chupa kwenye friji, si kwenye friza. Kabla ya kuhifadhi, nyunyiza chache kwenye karatasi nyeupe uzitazame kwa lenzi kali au hadubini. Mbegu nzima ina kiini, doa la mviringo katikati ya ganda angavu. Ganda tupu lisilo na doa ni makapi; yakiwa mengi kuliko mbegu nzima, chavusha upya kwa mzazi mwingine.