Bekapu kwanza, Zabbix baadaye: uzoefu wangu wa kupandisha matoleo kwenye seva za Kisumu na Nakuru

Utaratibu huu nimeutumia kwenye seva za ofisi moja ya mikopo yenye makao Kisumu, tawi Nakuru na vituo vidogo Kakamega na Busia. Bekapu zinachukuliwa kwa restic, ufuatiliaji unafanywa na Zabbix. Seva zilikuwa za Ubuntu 20.04, ambayo huduma yake ya kawaida ilikwisha Mei 2025. restic inayokuja nayo ni 0.9.6 na PHP, lugha inayoendesha kurasa za wavuti za Zabbix, ni 7.4. Zabbix ilikuwa 6.0 na lengo lilikuwa 7.0, toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu (LTS) lililotoka Juni 2024, ambalo kurasa zake hazikubali PHP iliyo chini ya 8.0. Ukigusa kimoja, vingine vyote vinafuata.

Ndiyo maana mimi huanza na bekapu. Nazipandisha, narejesha data kwenye mashine ya pembeni na kuiona kwa macho, ndipo naigusa Zabbix. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa Zabbix ndiyo inayoonekana kwenye skrini. Lakini kupandisha Zabbix ni kubadilisha hifadhidata kubwa kwa njia isiyorudi nyuma, na ikikwama katikati, tegemeo lako ni nakala uliyonayo.

Upande wa restic, jambo la kujua ni kwamba toleo la 0.14, la Agosti 2022, lilileta ghala (mahali restic inapoweka nakala zote) la aina ya pili linalokandamiza data. Ghala hilo halisomeki na restic ya zamani, hata 0.12.1 iliyo kwenye Ubuntu 22.04. Basi pandisha programu kwanza kwenye kila mashine inayoandika au kusoma ghala, pamoja na kompyuta ya akiba iliyo kabatini, maana siku ya dharura hiyo ndiyo itakayotumika kurejesha. Faili ya restic naichukua kutoka kwa waundaji wenyewe, nalinganisha SHA256 (alama ya kuhakiki faili), kisha naiweka /usr/local/bin ili vifurushi vya Ubuntu visiifunike. Halafu `restic check`, na ikipita bila kosa, `restic migrate upgrade_repo_v2`.

Hatua hiyo huisha haraka kwa sababu haigusi data iliyomo. Ni data mpya tu itakayokandamizwa. Ukitaka na ya zamani ikandamizwe, kuna `restic prune --repack-uncompressed`, ambayo husoma na kuandika upya karibu kila kitu. Iendeshe kwenye mashine yenye diski za ghala, usiipitishe kwenye intaneti, na uongeze `--max-repack-size 50G` ili kazi igawanyike usiku baada ya usiku. Iendeshe pia kwa jina la mtumiaji anayemiliki ghala, kwa mfano kwa `sudo -u`. Ukiiendesha kama root (msimamizi mkuu), faili mpya zitakuwa za root, na asubuhi rest-server, programu inayopokea nakala za restic kupitia mtandao, itashindwa kuzisoma.

Nakala ya pili inakaa Nakuru, umbali wa karibu kilomita 180, ili radi au moto wa Kisumu usichukue vyote viwili. Piga hesabu ya laini kabla ya kuanza: kupandisha data kwa megabiti 10 kwa sekunde ni gigabaiti 4.5 kwa saa, tena laini ikiwa haina kazi nyingine. Gigabaiti 200 za mwanzo zingechukua saa 44 na zaidi. Njia nyepesi ni kunakili ghala zima kwenye diski ya nje, diski isafirishwe kwa gari hadi Nakuru, na kuanzia hapo mabadiliko ya kila siku tu ndiyo yapite kwenye intaneti. restic husimba kila kitu kwa AES-256, kwa hiyo diski ikipotea njiani, data za wateja hazisomeki. Kwa ofisi iliyo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hilo ni jambo zito. Neno siri la ghala lisikae kwenye seva pekee. Likipotea, hakuna mtu wa kukufungulia. Liandike kwenye karatasi, lifungwe kwenye sefu mbili, Kisumu na Nakuru.

rest-server ya Nakuru iwashwe na `--append-only`. Hapo seva ya Kisumu inaweza kuongeza nakala lakini haiwezi kufuta, hata ikivamiwa na virusi vya kudai fidia. Kufuta nakala zilizopitwa na wakati kunafanyika Nakuru kwenyewe.

Sasa hifadhidata, na hapa ndipo bekapu nyingi huharibika bila mtu kujua. Usinakili /var/lib/mysql wakati MySQL (programu ya hifadhidata) inafanya kazi. Utapata faili zisizolingana. Tumia `mysqldump --single-transaction --quick --routines`, inayotoa data kama faili moja ya maandishi, yaani dampu. Watu hupenda kuipitisha moja kwa moja kwa bomba (`|`) hadi restic. Tatizo ni kwamba mysqldump ikifia katikati, restic huona tu kwamba data imekwisha, huhifadhi nusu hiyo na kuondoka na namba 0, yaani salama. Weka `set -o pipefail` juu ya skripti, au kuanzia 0.17 tumia `--stdin-from-command`. Mimi napendelea kuandika dampu kwenye diski kwanza, kisha kuangalia mstari wa mwisho kwa `tail -n 1`. Lazima uwe na maneno `-- Dump completed`. Yasipokuwepo, skripti isimame hapo hapo na kulalamika.

Dampu hiyo usiifunge kwa gzip. Badiliko dogo mwanzoni mwa faili hubadilisha baiti zote zinazofuata kwenye gzip, na restic itaona kila siku faili mpya kabisa. Iache wazi, restic itagundua sehemu zinazofanana na kukandamiza yenyewe.

Jina la faili nalo lina uzito kuliko linavyoonekana. Ukiita dampu `db-2025-03-01.sql`, kesho `db-2025-03-02.sql`, na kuzitaja hivyo kwenye amri ya `backup`, njia hubadilika kila siku. `restic forget` hupanga nakala kwa makundi ya jina la mashine na njia, kwa hiyo kila siku inakuwa kundi lake lenye nakala moja, na nakala moja pekee kwenye kundi haifutwi. Diski inajaa huku amri ya kufuta ikimaliza bila kosa lolote. Tumia jina lisilobadilika, au `--group-by host,tags`. Ukisakinisha seva upya na kuipa jina jingine utakutana na hali hiyo hiyo: nakala za jina la zamani zitabaki hapo hadi uzifute mwenyewe. Sisi tunabakiza za siku 14, wiki 8, miezi 24 na miaka 6, kwa kuwa kumbukumbu za kodi zinatakiwa kukaa miaka 5.

Stima ikipotea bekapu ikiwa inaendelea, ghala hubaki na kufuli. Bekapu za kesho yake zitapita, kwa sababu kufuli ya kuandika haizuii mwandishi mwingine, lakini `prune` hutaka ghala peke yake na itakataa. `restic unlock` huondoa kufuli zilizoachwa na kazi zilizokufa, na `--retry-lock 30m` husaidia pale kazi mbili zinapogongana tu. Badala ya cron, kipanga kazi cha kawaida, natumia taima ya systemd (mfumo unaoendesha huduma za Ubuntu) yenye `Persistent=true`: kama seva ilikuwa imezimika saa saba na nusu usiku (01:30), kazi inaanza mara seva inapowaka. Kumbuka kutaja `RESTIC_CACHE_DIR` kwenye faili ya huduma. systemd haitoi HOME kwa huduma za root, na restic bila kache (akiba ya muda) husoma faharasa nzima upya kila mara kupitia intaneti.

Ufuatiliaji wa bekapu wenyewe nauweka hivi. Skripti ikimaliza inatuma namba ya matokeo kwa Zabbix kwa `zabbix_sender`: 0 ni sawa, 1 imeshindwa, 3 kuna faili ambazo hazikusomeka. Kengele ya namba isiyo 0 haitoshi, kwa sababu seva iliyozimika haitumi namba yoyote. Kengele inayookoa ni ya pili, `nodata` ya saa 26: ikipita siku na saa mbili bila habari, simu inalia. Saa hizo mbili za ziada ni za siku ambazo laini ni nzito, ili watu wasizoee kupuuza kengele.

Jaribio la kurejesha hufanyika kila mwezi: `restic restore latest --host` na jina la seva, kwenye mashine isiyo ya kazi. Naipakia dampu kwenye MySQL tupu, nahesabu safu za jedwali la malipo na kuangalia tarehe ya muamala wa mwisho. Ikiwa ni ya jana jioni, vizuri. Ikiwa ni ya wiki iliyopita, kuna jambo. Pamoja nalo naendesha `restic check --read-data-subset=1/12`, mwezi unaofuata 2/12, hivyo ndani ya mwaka kila baiti ya ghala imesomwa.

Kwa Zabbix, sipandishi juu ya mashine ile ile. Naandaa mashine mpya ya Ubuntu 24.04, yenye PHP 8.3 na MySQL 8.0, naweka vifurushi vya 7.0, na naunda hifadhidata tupu ya `utf8mb4` yenye mpangilio wa `utf8mb4_bin`, bila kupakia majedwali yanayokuja na kifurushi. Ya zamani inabaki nzima, na kurudi nyuma ni kuiwasha tu.

Hifadhidata ya Zabbix ni kubwa kwa sababu ya historia. Vipimo 3000 vinavyosomwa kila dakika ni thamani 50 kwa sekunde, karibu milioni 130 kwa siku 30, na kwa wastani wa baiti 90 kila moja hiyo ni kama gigabaiti 11 hadi 12. Mipangilio yenyewe, yaani mashine, kengele na watumiaji, ni kidogo sana. Kama huhitaji michoro ya zamani, chukua dampu mbili. Ya kwanza ni ya maumbo ya majedwali yote kwa `--no-data --skip-triggers`. Ya pili ni ya data kwa `--no-create-info`, huku ukiruka `history`, `history_uint`, `history_str`, `history_text`, `history_log`, `trends` na `trends_uint` kwa `--ignore-table`. Usisahau `--skip-triggers` kwenye ya kwanza. Ukiisahau, dampu ya pili itakwama ikidai triga (amri zinazojiendesha ndani ya hifadhidata) zipo tayari.

Kabla ya kuwasha seva ya Zabbix, ingia MySQL kama root na uandike `SET GLOBAL log_bin_trust_function_creators = 1;`. MySQL 8 huwasha yenyewe logi ya binari (kumbukumbu ya kila badiliko la hifadhidata), na bila ruhusa hiyo utapata kosa la 1419 katikati ya kupandisha. Kisha washa na ufuate `/var/log/zabbix/zabbix_server.log`. Utaona mstari wa kuanza kubadilisha hifadhidata, halafu asilimia zikipanda. Asilimia zikisimama kwa dakika kadhaa kwenye jedwali kubwa, subiri. Usiizime wala usiwashe mashine upya. Ikikatika katikati, futa hifadhidata, pakia dampu tena na uanze mwanzo. Ikimaliza, rudisha ile thamani kuwa 0.

Mashine ya zamani ikizimwa, mpya inachukua anwani yake ya IP, na ajenti zote, yaani programu ndogo za Zabbix kwenye kila mashine inayofuatiliwa, zinaendelea bila kuguswa. Ajenti za 6.0 hufanya kazi na seva ya 7.0, kwa hiyo hazina haraka. Proksi za Kakamega na Busia, zinazokusanya vipimo vya kituo na kuvituma kwa seva, ni tofauti: za 6.0 zitaendelea kutuma vipimo lakini hazitapokea mipangilio mipya, basi zipandishwe wiki hiyo hiyo. Faili ya hifadhidata ya proksi (SQLite) haipandishwi toleo, huundwa upya, na chochote ambacho hakijatumwa hupotea. Fanya kazi hiyo laini ikiwa imara na foleni ikiwa tupu.

Arifa za barua pepe au Telegram hazina faida intaneti ya ofisi ikikatika. Tuna modemu ya GSM ya USB inayotuma SMS moja kwa moja kutoka Zabbix. Ondoa PIN ya laini, mwingize mtumiaji `zabbix` kwenye kundi la `dialout`, na uzime ModemManager (huduma ya Ubuntu inayosimamia modemu), kwani huishika `/dev/ttyUSB0` na Zabbix hubaki ikisubiri. Ujumbe wa majaribio utoke kila Jumatatu asubuhi, ili salio likiisha au laini ikifungwa kwa kutotumika mjue mapema. Na kwa kuwa Zabbix haiwezi kutangaza kifo chake, kompyuta ndogo ya Nakuru inajaribu bandari 10051 ya Kisumu kila dakika tano na ina modemu yake.

UPS iunganishwe kwa USB na isomwe na NUT, programu inayofuatilia hali ya UPS. Kengele iwe kwenye hali ya OB (UPS inatumia betri), na kuzima seva kuanze mapema, betri ikiwa bado na dakika kumi, kwa sababu MySQL yenye kumbukumbu kubwa huchukua muda kufunga. Joto la Kisumu hupunguza maisha ya betri za risasi (lead-acid). Ipime kwa mzigo kila baada ya miezi mitatu na usisubiri miaka mitano ya kwenye boksi.

Kwenye diski, vipimo ninavyovifuata ni Reallocated Sector (sehemu mbovu zilizobadilishwa) na Current Pending Sector (sehemu zinazoshindwa kusomeka) vya SMART, ripoti ya afya inayotolewa na diski yenyewe. Cha pili kikipanda juu ya sifuri, diski mpya inaagizwa siku hiyo. Seva ya zamani ya Zabbix inakaa imezimwa hadi ripoti ya kwanza ya mwisho wa mwezi itoke kwenye mpya. Baada ya hapo diski yake inafutwa kwa `shred`, ndipo inaruhusiwa kutoka nje ya mlango.