Jasho la Februari ambalo setilaiti hailioni

Kuna siku za Februari hapa Dar es Salaam shati linakugandia mgongoni kabla hujafika kituo cha daladala. Ukifungua picha ya setilaiti ya mvuke wa maji ya mchana huohuo, unakuta jiji zima limo ndani ya doa jeusi. Na kwenye picha hiyo, weusi ni ukavu.

Kila kundi la wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo hushtuka hapo. Wengine hudhani mtambo umeharibika. Mimi nafanya kazi ya utabiri na nimeshalieleza jambo hili ubaoni mara nyingi, lakini ninalipenda kiasi kwamba nataka liandikwe.

Picha hizo hutoka kwa setilaiti ya hali ya hewa ya Meteosat-9, ambayo tangu 2022 imesimama juu ya Ikweta kwenye nyuzi 45.5 mashariki. Ni juu ya Bahari ya Hindi, kusini kidogo mwa Mogadishu, umbali wa kilomita 36,000 hivi kutoka hapa tulipo. Kila dakika 15 hutuma picha mpya. Kati ya chaneli zake 12, mbili zimewekwa kwa ajili ya mvuke: ya mikromita 6.2 na ya 7.3. Mionzi ya infraredi ya urefu huo hufyonzwa sana na mvuke wa maji, kisha mvuke wenyewe hutoa mionzi yake kulingana na joto lake. Kwa hiyo mionzi inayopanda kutoka Kariakoo au Kigamboni haifiki kule juu, humezwa njiani. Inayofika ni ile ya tabaka la juu la unyevu, kilomita nane au tisa kwenda juu kwa chaneli ya kwanza, kilomita tano hivi kwa ya pili. Juu kukiwa na mvuke mwingi, setilaiti hupokea mionzi ya mahali penye baridi na picha huwa nyeupe. Juu kukiwa kukavu, hupokea ya chini zaidi, kwenye joto, na picha huwa nyeusi.

Setilaiti inaona dari ya nyumba, na sisi tunatoka jasho sakafuni. Siku hizo za Februari hewa tunayovuta inaweza kubeba gramu zaidi ya 20 za mvuke katika kila meta moja ya ujazo, huku juu yake kukiwa na hewa kavu inayoshuka na kuzuia mawingu yasikue. Ndiyo maana tunatoka jasho na mvua hainyeshi. Basi picha haisemi uongo, na weusi wake ni habari muhimu kwa mtabiri. Kinachoniumiza ni kuziona zikisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp na maelezo ya kubuni: nyeupe imekuwa mafuriko, nyeusi imekuwa ukame. Mkulima anayesubiri masika ili apande mahindi hastahili kupewa maelezo hayo.

Ili kuupata mvuke wote, kutoka ardhini hadi juu, hutumika njia nyingine. Juu ya bahari kuna mionzi ya maikrowevu, karibu na gigahezi 22, ambayo hupenya mawingu mengi. Nchi kavu yenyewe hung'aa mno katika maikrowevu, na mng'ao wake hubadilika kwa udongo na majani, kwa hiyo hesabu huvurugika. Huko MODIS, kifaa kilichomo kwenye setilaiti za NASA, hutumia mwanga wa jua uliorudi kutoka ardhini, ikilinganisha mawimbi yanayofyonzwa na mvuke na yale yasiyoguswa. Njia nzuri, ila inataka mchana na anga lisilo na mawingu. Katikati ya masika, anga hilo utalipata wapi?

Na masika ndipo ninapouhitaji mvuke huo kuliko wakati wowote. Tumezoea kusema unyevu wetu hutoka Bahari ya Hindi, na kwa kawaida ni kweli. Lakini kuna siku upepo hugeuka, ukavuta hewa yenye unyevu kutoka bonde la Kongo, na mvua huzidi. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa upande wa Madagaska, upepo huo wa magharibi ulikuwepo, na Kenya na Tanzania zilinyeshewa vibaya.

Tegemeo langu kubwa kwa nchi kavu ni GPS. Mawimbi yake hucheleweshwa na mvuke yanaposhuka kwenye kipokezi. Katika hewa nzito ya pwani, kuchelewa huko huongeza umbali unaopimwa kwa sentimita 30 au zaidi, hata kwa setilaiti iliyo utosini. Ukijua kanieneo (mgandamizo wa hewa) na joto la mahali, unapata milimita za maji zilizo angani, mchana na usiku, mawingu yawepo yasiwepo. Malindi kipokezi cha namna hiyo kipo miaka mingi. Wapima ardhi nao wana vipokezi vya kudumu. Kwao kuchelewa huko ni kosa la kuondoa kwenye hesabu ili mpaka wa kiwanja utoke sawasawa. Ninachowaomba wenye vipokezi hivyo, kuanzia Tanga, Morogoro hadi Kigoma: msilitupe kosa hilo. Tutumieni kila saa, pamoja na kipimo cha kanieneo cha hapohapo.