Siku moja maishani mwangu: zahanati, mto na kichuguu chenye mtandao

Saa 11:30 alfajiri
Kabla hata ya kunawa uso naenda kusoma friji ya chanjo. Ni ya sola, na mwezi huu wa tatu jua la Katavi linachungulia tu. Nyuzi 6. Inatakiwa iwe kati ya 2 na 8, kwa hiyo tuko salama. Naandika kwenye chati iliyobandikwa mlangoni, ndipo nachemsha chai.

Mimi ni muuguzi mkunga wa zahanati ya kijiji. Tuko watatu: mganga mfawidhi, mimi, na mhudumu wa afya ninayemwita mama mdogo kwa sababu ya umri wake. Leo mfawidhi amepeleka ripoti za mwezi wilayani, tumebaki wawili.

Saa 1:20 asubuhi
"Mwangaluka," nasalimia foleni. Kisukuma changu kinaishia hapo hapo, mimi mtu wa Tanga, na bibi wa mbele hucheka kila siku kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Watoto wengi wana homa. Kipimo cha haraka, mistari miwili, dawa mseto, anayefuata. Mmoja kipimo hakioneshi malaria ila anahema mbio. Namhesabia pumzi dakika nzima. Nimonia. Namwanzishia amoksilini.

Mzee mmoja ana presha, mkononi kadi ya CHF, bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Kalipa shilingi 30,000 za mwaka kwa kaya ya watu 6, na dawa yake leo haipo kabatini.
"Sasa nimelipia nini, daktari?"
Huku kila mwenye nguo nyeupe ni daktari. Sikuwa na jibu la kumridhisha, nikamwandikia karatasi ya duka la dawa. Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipitishwe mwaka 2023 naulizwa itaanza lini hapa, kama vile niliitunga mimi.

Saa 4 asubuhi
Siku ya mkoba, yaani tunazifuata familia vitongojini na chanjo. Kasha la chanjo nimelipakata, bodaboda inateleza kwenye tope. Mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007 ulitaka zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na kweli majengo yameongezeka. Kitongoji tunachokwenda kiko kilomita 5 tu kutoka kwetu, kwenye karatasi. Katikati pana mto. Kiangazi unavuka kwa miguu, ndala mkononi. Masika ni mtumbwi, au uzungukie darajani, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki. Tulipanda mtumbwi.

Mhudumu wa jamii alishapita jana nyumba kwa nyumba, kwa hiyo chini ya mwembe akina mama wamejaa na mizani imeshaning'inizwa tawini. Wa chanjo ya surua-rubella ni watoto 3. Chupa ina dozi 10, na ikishachanganywa haitumiki zaidi ya masaa sita. Kituo nilikotoka tulikuwa tukimwambia mama arudi wiki ijayo mpaka idadi itimie, eti tusipoteze dozi. Harudi. Mwongozo wenyewe unasema fungua hata kwa mtoto mmoja. Nimefungua, saba zitatupwa na usingizi nitaupata.

Saa 8:40 mchana
Simu inaita nikiwa bado mtumbwini. Mama mdogo haongei sana: "Njoo. Mimba ya kwanza, kavimba uso."

Binti wa miaka 19. Presha 168 kwa 112, kichwa kinamuuma, anaona nyota, mkojo umejaa protini. Kifafa cha mimba kiko mlangoni. Nampa magneziamu, dawa ya kuzuia degedege: kwanza mshipani taratibu, kisha gramu 5 kila tako. Halafu napanda kichuguu cha nyuma ya zahanati, maana ndipo mtandao ulipo, napiga 115, namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito. Gari la wagonjwa liko safari nyingine. Wanampigia dereva ngazi ya jamii, mwenye gari aina ya Noah.

Nauliza uchungu ulianza lini. Jana usiku. Mbona mmechelewa? Mama mkwe anatazama chini: mwanawe alitangulia mnadani kuuza mbuzi, wapate nauli ya hospitali.
"Mama, dereva analipwa na mfumo. Nyie hamtoi kitu."
"Na mafuta?"
"Hata mafuta."
Ameniuliza tena mara mbili, na mara ya tatu akamwuliza dereva mwenyewe. Simlaumu. Kliniki zote tumewahimiza waandae fedha ya dharura. Namba 115 iko kwenye bango lililobandikwa ndani, anakoliona aliyekwisha fika.

Saa 10:15 jioni
Nani amsindikize? Akipata degedege njiani lazima awepo wa kumshughulikia, na nikiondoka mimi zahanati inabaki bila mkunga. Nimeondoka. Mama mdogo nimemwachia funguo.

Noah ilikwama mara mbili. Tulisukuma, mimi na mama mkwe na vijana waliotoka shambani na majembe yao.

Saa 1:50 usiku
Wamempokea. Daktari kapima, kasema upasuaji. Nimekabidhi fomu ya rufaa, nimekunywa soda moja, nikarudi na dereva yule yule. Alilala usingizi wa dakika kumi kwanza, kwa amri yangu.

Saa 6:10 usiku
Juu ya kichuguu ujumbe umeingia: mtoto wa kike, kilo 2.3, mama anaongea. Nimewasha tochi nikaenda kwenye friji. Nyuzi 5. Kisanduku cha jioni kwenye chati ni kitupu, mama mdogo alizidiwa na foleni. Ningeweza kuandika 5 pale pia na hakuna ambaye angejua. Nimekiacha kitupu, pembeni nikaandika "rufaa".