Kumbe FTR si namba: nilivyojifunza kusoma alama za Mark 4

Nilipokabidhiwa stoo ya silaha ya kampuni moja ya ulinzi hapa Kampala, daftari nililorithi lilikuwa na bunduki tatu zenye namba moja: FTR 51. Karani aliyenitangulia aliziandika kwa mwandiko mzuri kweli, nami nikanakili vilevile miezi miwili bila kujiuliza. Ukaguzi ulipokaribia ndipo usingizi ulipopaa. Namba moja, bunduki tatu, utamweleza nini afande mkaguzi?

Zote ni Mark 4, jina letu la mtaani la Lee-Enfield No. 4, zile ndefu za Mwingereza za risasi ya .303, unavuta boliti kwa mkono kila unapopiga. Bunduki haitembezwi ovyo, basi nikapiga picha kwa simu na kupanda matatu hadi Bombo kwa mzee mmoja Mnubi aliyewahi kuwa fundi wa silaha jeshini. Aliivuta picha kwa vidole viwili, akaguna.

"Mjukuu wangu, hii si namba. Ni cheti cha hospitali."

Herufi hizo tatu, akaniambia, ni kifupi cha Kiingereza cha ukarabati kamili wa kiwandani. Bunduki ilirudishwa, ikafunguliwa yote, vilivyochoka vikatupwa, ikafungwa upya. Ile 51 ni mwaka wa matengenezo. Herufi F ndani ya mabano ni Fazakerley, kiwanda kilichokuwa Liverpool. Namba yenyewe, akasema, kaitafute kwenye shingo ya chuma pale kitako kinapoingia, upande wa kushoto, kisha uilinganishe na ile iliyo nyuma ya mkono wa boliti.

Kesho yake shingo haikuonyesha kitu. Baada ya matengenezo walizipaka rangi nyeusi nzito, na rangi imejaa ndani ya maandishi. Nilifuta kwa kitambaa chenye mafuta, nikakausha, nikasugua chaki nyeupe, nikazima taa na kumulika tochi kwa ubavu. Tarakimu zikajitokeza moja moja. Kwenye bunduki ya pili, boliti ilikuwa na namba ya zamani iliyokatwa mstari na mpya kugongwa kando yake. Zamani ningedhani ni wizi; kumbe boliti ilitoka kwenye bunduki nyingine ikapewa namba ya mwenyeji wake mpya. Nusura niandike pia "2" niliyoikuta kwenye kichwa cha boliti. Hiyo ni saizi tu: vichwa hivyo vilitengenezwa kwa vipimo vya 0 hadi 3, fundi anachagua kinachoziba vizuri nyuma ya risasi.

Kilichonifurahisha zaidi ni alama ya Mk 1/2. Mark 4 za mwanzo, kifyatulio chake kinaning'inia kwenye kile chuma cha chini kinachokikinga, na chuma hicho kimeshikana na ubao. Ubao ukivimba kwa unyevu au ukinywea kwa jua, uzito wa kukivuta kifyatulio nao unabadilika. Anayekaa karibu na ziwa letu hili anajua ubao unavyofanya msimu wa mvua. Kuanzia toleo la pili la bunduki hiyohiyo, yaani Mk 2, mwaka 1949, kifyatulio kilifungwa kwenye mwili wa bunduki wenyewe, na nyingi za zamani zikabadilishwa hivyo. 1/2 maana yake ilizaliwa ya 1, ikarekebishwa kuwa kama ya 2. Nilivuta vifyatulio vya aina zote mbili, cha zamani na kilichorekebishwa, bila risasi, na tofauti kidole kinaisikia.

Daftari nililiandika upya kwa siku nne. Siku ya mwisho, chini ya uchafu wa kitako cha bunduki moja, chaki ikatoa herufi DP. Hiyo ni bunduki ya gwaride, ya kufundishia tu, isipigwe risasi kamwe. Ilikuwa inapangwa lindo la usiku kama nyingine. Niliitoa rafu siku hiyohiyo na kuifungia peke yake. Mlinzi aliyeizoea alilalamika wiki nzima kwamba niliyompa badala yake ina mkanda mbovu.