Kabla hujampima mtafiti kwa namba, fungua pepa zake

Kiukweli naumia sana nikisikia mtu anasema fulani si mtafiti mzito kisa h-indeksi yake ndogo, yaani namba inayohesabu pepa zake (makala zake za utafiti) zimetajwa mara ngapi na watafiti wengine. Hapa Tanga maneno haya yamezidi siku hizi, kijana akiomba kazi au skolashipu ya udaktari wa falsafa watu wanafungua Google Scholar, mtandao wa kutafuta makala za kitaaluma, wanaangalia namba, wanafunga, wameshamaliza.

Namba yenyewe aliileta Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego, mwaka 2005. Ukiwa na pepa 15 ambazo kila moja imetajwa na wenzako mara 15 au zaidi, basi h yako ni 15. Haishuki hata ukiacha utafiti leo. Na haiulizi jina lako liko wapi kwenye orodha, uwe wa kwanza uliyekesha na data au wa arobaini, wote mnahesabiwa sawa! Halafu anayetafiti matende na mabusha, magonjwa tunayoyajua vizuri huku pwani, hawezi kutajwa mara nyingi kama mtafiti wa saratani, si kwamba kazi yake mbovu, wanaofanya fani yake ndo wachache.

Chukua chanjo ya malaria ya RTS,S. Jaribio la awamu ya tatu lilikuwa na watoto zaidi ya 15,000 kwenye vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na viwili vya kwetu, Korogwe hapo jirani na Bagamoyo. Matokeo ya kwanza yakatoka kwenye jarida la tiba la New England Journal of Medicine mwaka 2011, sasa fungua uone mwandishi nani, utakuta jina la ushirika mzima, RTS,S Clinical Trials Partnership. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) likapendekeza chanjo itumike kwa watoto. Ukitafuta mtu wa Korogwe kwenye mstari wa waandishi pale juu humwoni.

Na kuna wengine hawaingii kabisa. Msomaji slaidi, anayetafuta vimelea vya malaria kwenye damu, anakaa kwenye darubini, tone la damu limepakwa nene kwenye kioo likapigwa rangi ya Giemsa, anapita fildi baada ya fildi (kila eneo linaloonekana kwenye darubini), mia nzima kabla hajathubutu kuandika hasi, yaani hakuna vimelea, kisha slaidi ileile inaenda kwa msomaji wa pili ambaye hajui mwenzake kaandika nini, wakipishana anaitwa wa tatu. Huyu akilegea, takwimu zote zinazojengwa juu ya kazi yake zinaharibika. Jina lake mara nyingi linaishia kwenye shukrani, saitesheni, yaani kutajwa kwenye pepa za wengine, hapati hata moja.

Sisemi saitesheni hazina maana, pepa ikitajwa sana ujue kuna watu imewagusa. Ila hata azimio la DORA, la namna ya kutathmini utafiti, lililotokana na mkutano wa San Francisco mwaka 2012, lilisema wazi mtu asipimwe kwa impakti fakta ya jarida alilochapisha, yaani wastani wa mara ambazo makala za jarida hilo zinatajwa, na mimi naona h nayo iingie humohumo.

Kwa hiyo nyie mnaokaa kwenye paneli nawaomba sana, fungueni pepa mbili tatu za huyo kijana, shukeni mpaka chini kwenye michango ya waandishi, majarida mengi ya tiba siku hizi yanaiweka, mtaona nani alibuni utafiti, nani alikusanya data, nani alichambua, nani aliandika. Halafu kwenye intavyuu mwambieni awaeleze sampuli zilichukuliwaje na walifanya nini mambo yalipokwama, aliyeifanya kazi kwa mikono yake atawaeleza mpaka mumwombe anyamaze.