Siku moja maishani mwangu: kliniki ya kifua mjini Kigoma

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya kuvaa barakoa nafungua madirisha yote ya chumba chetu cha kifua kikuu na ukoma, maana hewa inayopita inatukinga wahudumu na wagonjwa kwa pamoja. Wenye kikohozi huketi nje chini ya mwembe, mbali na kina mama waliokuja kupima watoto uzito.

Saa 2:00. Mizani hutangulia, kwa sababu idadi ya vidonge hutegemea kilo za mgonjwa. Katika miezi 2 ya mwanzo kila kidonge huwa na rifampisini, aisonayazidi, pirazinamaidi na ethambutoli. Miezi 4 inayofuata hubaki mbili za kwanza. Kijana anayeanza leo namweleza kwamba mkojo wake utakuwa na rangi ya chungwa, kwani asipoambiwa ataogopa na kuacha dawa. Wavuvi wa dagaa hawapangiwi tarehe kwa kalenda peke yake. Wao huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali hubaki nchi kavu. Ndizo siku ninazowapata mwalo wa Kibirizi bila kuwakimbiza.

Saa 4:00. Makohozi. Mtu akipewa chombo bila maelezo huleta mate, na mate hayasaidii kitu. Kwa hiyo nasimama naye uwanjani, mahali penye upepo, nikimwelekeza asukutue mdomo kwa maji, avute pumzi kwa kina mara kadhaa, kisha akohoe kutoka chini kabisa ya kifua mpaka kitoke kitu kizito. Mashine ya GeneXpert hutoa majibu kwa takribani saa 2 na huonyesha pia kama vimelea vimekuwa sugu kwa rifampisini. Hadubini iliwakosa wengi, hasa wanaoishi na VVU, ambao mara nyingi makohozi yao huwa na vimelea vichache.

Saa 7:00 mchana. Majibu yamerudi, na hapa ndipo kazi yangu inapokuwa ngumu kuliko asubuhi yote. Mama mmoja anayebanika samaki aina ya migebuka kwa kuni tangu usichana wake hana vimelea. Nikamwambia, “Mama, TB haipo.” Akashukuru, kisha akauliza, “Sasa mwanangu, kinachonibana usiku ni nini?”

Ni swali la haki. Kwa muda mrefu tumezoea kuuliza kama ni TB au si TB, na anayeambiwa si TB huondoka na antibiotiki, akirudi hupewa nyingine, na wapo wanaoanzishiwa dozi ya TB kwa kubahatisha tu. Ilhali vifua vinavyokuja sasa ni vya namna nyingi: pumu isiyotambuliwa, mapafu yaliyochoshwa na moshi wa kuni na sigara, na wazee waliopona TB zamani lakini wakabaki na makovu yanayowafanya wakohoe na kuhema. Hawa wa mwisho nawahurumia zaidi, kwa kuwa picha ya kifua chao humtisha daktari mgeni, naye huwarudishia dawa wasizozihitaji. Kisukari nacho kimeingia. Huongeza hatari ya kuugua TB, kwa hiyo kila anayeanza dozi namtoboa kidole.

Mama yule nilimpulizisha kwa nguvu kwenye kipima pumzi, akavuta salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa, tukasubiri, akapuliza tena. Mshale ulipanda sana, ishara kwamba huenda ni pumu. Nikamwandikia rufaa kwa daktari nikieleza kipimo chote, kisha nikamwingiza katika daftari langu la pembeni la wenye vifua visivyo na TB, ambalo kwa maoni yangu lilistahili kuwa rejista rasmi.

Saa 10:00 jioni. Ujiji, nyumbani kwa mgonjwa aliyegunduliwa karibuni. Watoto wana kovu la BCG begani, lakini chanjo hiyo huwakinga zaidi na TB kali ya utotoni, haimalizi hatari. Aliye chini ya miaka 5 na hana dalili anaanza dawa za kinga; dada yake anayekohoa atakuja kupimwa kesho.

Saa 12:00. Nampigia mfamasia. Salbutamoli ya kuvuta imebaki kidogo, nami namwomba aweke moja kwa ajili ya mama wa migebuka, maana daktari atamwona kesho saa 3.